Uto wa Ufuta, kutoka Kinu cha Ngamia hadi Vyungu vya Namtumbo

Huko Modena, katika Italia, mtu atakaye siki iliyo bora kabisa hulipa mali nyingi kwa kichupa cha mililita 100 tu, kwa kuwa maji ya zabibu yaliyomo yamepikwa, kisha yamelazwa miaka isiyopungua 12 katika mapipa yanayozidi kuwa madogo. Ilhali siki ya bei nafuu, iliyochanganywa na siki ya mvinyo, huweza kuuzwa baada ya siku 60. Pwani yetu nayo ilikuwa na kiowevu chake cha kuchagua kwa ulimi na pua, nacho ni uto, yaani mafuta ya ufuta.

Katika karne ya 19 ufuta wa Mrima, yaani pwani ya bara inayoelekea Unguja, ulikuwa bidhaa ya kutajika katika bandari ya Unguja, na wafanyabiashara wa Kifaransa, waliopata mkataba na Sayyid Said, mtawala wa Unguja, mwaka 1844, waliupakia kupeleka Marseille, ukakamuliwe mafuta na kutengenezewa sabuni. Uliosalia mjini ulisagwa katika vinu vilivyozungushwa na ngamia waliofungwa macho, na aliyefika kinuni aliweza kuutazama uto ukichuruzika na kuunusa kabla ya kutoa fedha yake. Naiona hiyo kuwa dhamana bora kuliko karatasi yoyote inayobandikwa chupani. Tena uto safi una tabia adhimu ya kutochacha upesi, kwa sababu ndani ya mbegu zenyewe mna viungo vya asili vinavyozuia mafuta kuharibika.

Namtumbo, nchi ya ufuta kusini mwa Tanzania iliyotengwa na Songea ikawa wilaya mwaka 2002, haikuwa na ngamia wala bandari, walakini elimu ya kupambanua daraja za mazao si ngeni katika nchi hiyo. Tangu mwaka 1936, Wangoni na Wamatengo walipoungana katika chama cha ushirika kilichojulikana kwa jina la NGOMAT, wakulima wa tumbaku walizoea kuona jani likipimwa ubora wake kabla ya kupewa bei. Leo chama kikuu cha SONAMCU huuza ufuta wa Songea na Namtumbo kwa mnada, kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani, na ufuta wa Tanzania aghalabu huishia Uchina na Japani.

Linalonihuzunisha ni kwamba mbegu hiyo yenye thamani huondoka nzima, kisha mama wa nyumba aliyeipalilia huenda dukani kununua mafuta ya kupima, ambayo mara nyingi ni mawese yaliyovuka bahari kutoka Malaysia au Indonesia. Simlaumu hata kidogo, maana maandazi yanayoelea katika karai hayahitaji uto, na kuumimina humo ni israfu. Bali mboga ya kunde au ya majani ya maboga, itiwayo kijiko kimoja tu wakati wa kuepuliwa, yastahili kilicho bora, na kilicho bora kimo ghalani mwake.

Basi mama huyo na azuie pishi chache za ufuta zisiende mnadani. Azipepete, azikaange kwa moto mdogo bila kuziunguza, maana zikiungua uto huwa mchungu. Azitwange, achemshe unga wake kwa maji, na mafuta yatakapopanda juu ayaengue, ayarudishe motoni hadi maji yaishe, ndipo atie chupani. Mashudu yatakayobaki ni chakula kizuri cha kuku.