Kekee ya upepo

Gereji nyingi husema drili, na neno hilo limekwisha kukaa. Lakini seremala ana neno la siku nyingi, kekee, chombo chake cha kutobolea mbao kinachozungushwa kwa mkono. Fundi wa bodi anayeunga drili kwenye mpira wa kompresa ameshika kekee ileile, ila kinachozungusha sasa ni upepo. Nalo neno upepo limeiva midomoni mwa mafundi: tairi hujazwa upepo, lori lina breki za upepo. "Hewa iliyoshindiliwa" ya vitabuni ni sahihi, lakini sioni sababu ya kumlazimisha fundi aitamke.

Jina "kekee ya upepo" linamkumbusha mnunuzi jambo kubwa: chombo hiki kinakula upepo, tena mfululizo. Nyingi hutaka mgandamizo wa bar 6 hivi, na kompresa ndogo huishiwa upepo tundu likiwa nusu. Kichwa kinachobana ncha ya hadi milimita 10 kinatosha kazi nyingi za bodi. Kwa chuma kigumu, chagua ya mwendo wa polepole, maana kasi huunguza ncha. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji inakula lita ngapi kwa dakika, ulinganishe na kompresa yako.