Mnyama Aliyepewa Jina la Ziwa Asiloliona

Mtajie Mtanzania yeyote aliyepita shule mnyama wa kale, jibu lake ni moja: mjusi wa Tendaguru. Tunajua yuko Berlin. Tunajua kimo chake kinapita mita 13, na kwamba Wajerumani walimchimba Lindi kati ya 1909 na 1913. Kila baada ya muda huibuka mtu akauliza atarudi lini. Nami nilikua na jibu hilohilo, ingawa mimi ni mtoto wa Kingerikiti, huku Ruvuma, na Lindi kwangu ilikuwa mbali kama Berlin yenyewe.

Hakuna aliyeniambia kwamba tuna wa kwetu.

Nilimkuta kwa bahati, mwaka wangu wa kwanza wa shahada ya uzamili ya historia. Nilikuwa nasoma habari za makaa ya mawe enzi za Waingereza, kwa sababu malori ya makaa ya Ngaka ni sehemu ya maisha yetu Mbinga na nilitaka kujua nani alianza kuyatafuta. Nikakutana na G. M. Stockley, mwanajiolojia wa serikali ya Tanganyika, aliyepima miamba ya bonde la mto Ruhuhu na mwaka 1932 akachapisha taarifa yake. Alikwenda kwa ajili ya makaa, akarudi na mifupa pia. Mwaka 1933 akafuata Rex Parrington wa Cambridge, safari hii kwa ajili ya mifupa hasa.

Ruhuhu ndio mto unaoingia ziwani kati ya Manda na Lituhi. Miamba ya bonde lake inasimulia kisa kizito. Ile ya chini ilijilaza kabla ya maangamizi makubwa ya takriban miaka milioni 252 iliyopita, yaliyofuta sehemu kubwa ya viumbe duniani. Ile ya juu yake, inayoitwa miamba ya Manda, ina mifupa ya waliokuja baadaye, dunia ilipokuwa inajijenga upya.

Kati ya mifupa aliyokusanya Parrington ulikuwamo mmoja wa mkono, ule wa kutoka begani hadi kwenye kiwiko. Ulifika Uingereza ukakaa. Katika miaka ya 1950 mwanafunzi wa Cambridge, Alan Charig, aliuchunguza kwa ajili ya tasnifu yake ya uzamivu, na baadaye akampa mnyama huyo jina. Lakini hakuwahi kulichapisha rasmi. Akawa mtaalamu mkubwa wa dinosauri London, akastaafu, akafariki mwaka 1997, na jina likabaki bila kurasimishwa. Mwishoni mwa 2012 ndipo Sterling Nesbitt na wenzake walipolitangaza: Nyasasaurus parringtoni. Miongoni mwa waandishi wa makala hiyo wakamweka na Charig, marehemu wa miaka 15. Mtu yeyote mwenye tasnifu isiyokwisha kabatini ataelewa kwa nini niliisoma orodha ile ya majina mara mbili.

Mnyama mwenyewe si wa kutisha. Anakisiwa kuwa na urefu wa mita 2 hadi 3, na mkia peke yake ulichukua sehemu kubwa. Umuhimu wake uko kwenye umri: takriban miaka milioni 243. Dinosauri wakongwe wanaojulikana vizuri, wale wa Argentina, wanakuja zaidi ya miaka milioni 10 baadaye. Mfupa ule wa mkono una ukingo mrefu wa kushikia misuli, kama walionao dinosauri, na ukikatwa kipande chembamba kikatazamwa kwa hadubini unaonyesha mnyama aliyekua haraka. Lakini mifupa ni michache, kwa hiyo wataalamu wanasema kwa uangalifu: ama huyu ni dinosauri wa kwanza tunayemjua, ama ni ndugu yao wa karibu kabisa.

Na jina lake lina kichekesho. Enzi zake Ziwa Nyasa halikuwapo. Ziwa ni la juzi, la miaka milioni chache tu. Yeye alikanyaga bara moja kubwa lililounganisha Afrika na Amerika ya Kusini na hata Antaktika. Tumempa jina la maji asiyoyaona.

Likizo iliyofuata nilimsimulia bibi. Bibi ni Mmatengo, amelima ngoro maisha yake yote: unafyeka majani, unayapanga miraba miraba, unachimba katikati na kuyafukia kwa udongo ili yaoze yawe mbolea. Nikamwambia mto nao ulifukia hivyo, ila ulifukia mifupa isioze. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Alikuwa analiwa?"

Swali lake la pili ndilo lililonibana. "Na sasa yuko wapi?"

Mfupa wa mkono uko London. Pingili za uti wa mgongo zinazohesabiwa kuwa za mnyama wa aina hiyohiyo ziko Cape Town. Jina la Parrington limo ndani ya jina lake, la mtu wa Ruhuhu halimo. Bibi akaguna, akaendelea kuchambua maharage.

Ndipo nikamtolea wa pili, ninayempenda zaidi. Alitoka miamba hiyohiyo ya Manda, akatangazwa mwaka 2010. Si dinosauri, ni binamu yao: wa miguu minne, mwenye ncha ya taya kama mdomo wa ndege, na mifupa ya wanyama wasiopungua 14 imepatikana. Kielelezo chake kikuu ni mali ya Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Anaitwa Asilisaurus kongwe.

Lile la kwanza bibi alikuwa amelijaribu mara tatu likamshinda, akacheka. Hili nilimtamkia polepole: asili, kongwe. Akatikisa kichwa kukubali.

"Huyo," akasema, "amepewa jina na mtu aliyeuliza wenyewe."