Salamu za Sikukuu: Tumsalimuje Jirani?

Kila mwaka sikukuu zinapokaribia, swali hili husikiwa katika baraza zetu: Mkristo akikutana na jirani yake Mwislamu siku ya Idi, amwambie nini? Wako wasemao, "Anyamaze, maana sikukuu si yake." Wako wasemao, "Amwulize habari za asubuhi, yatosha." Na wako watoao salamu ya Idi kwa furaha, kisha wakaingiwa na shaka rohoni kama wametenda kosa. Mimi nami nilikuwa katika kundi la wanyamavu, na jinsi nilivyotoka humo nitaeleza mbele. Kwanza na tuitazame historia, maana ajuaye asili ya jambo hasumbuki nalo bure.

Tuanze na neno heri, ambalo sisi Wakristo twalitumia kila Desemba tusemapo "Heri ya Krismasi". Neno hili ni la Kiarabu, na ndilo lililomo ndani ya sabalheri na masalheri. Neno salamu nalo ni la Kiarabu, na maana yake ya asili ni amani. Maneno haya yalifika pwani yetu pamoja na biashara, majahazi yakija na upepo wa kaskazi na kurudi na kusi, muda mrefu kabla ya Wamisionari wa karne ya 19. Nao walipokuja kuandika Kiswahili hawakuyatupa, bali waliyapokea kama walivyoyakuta vinywani mwa watu. Basi mtu akisema kwamba salamu ya Kiarabu ni ya Uislamu peke yake, na asalimu siku moja bila heri wala salamu, aone kama atapata neno la kusema.

Na Idi je? Maana yake ni sikukuu tu. Waarabu Wakristo wa Misri na Shamu huiita Krismasi yao Idi el Miladi, yaani Sikukuu ya Kuzaliwa. Na Mubaraka ni kusema yenye baraka. Kwa hiyo amwambiaye mwenzake "Idi Mubaraka" amemwombea sikukuu yenye baraka, wala hakuikiri dini ya mwingine kwa kusema hivyo.

Tena sisi wenyewe hatuna neno moja. Wengine husema Noeli, wengine Krismasi. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliokuja Unguja mwaka 1863 na kujenga Bagamoyo mwaka 1868, wengi wao walitoka Ufaransa, na neno Noeli ni la kwao, lililotokana na neno la Kilatini la kuzaliwa. Wamisionari Waingereza waliofika Unguja mwaka 1864 walikuwa na neno la Kiingereza, ambalo asili yake ni Misa ya Kristo. Mtoto aliyezaliwa Bethlehemu ni mmoja. Majina ya siku yake yalikuja kwa merikebu mbalimbali.

Iko pia sikukuu ambayo haikutoka kanisani wala msikitini. Huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, watu huadhimisha Mwaka Kogwa kila Julai. Wanaume hupigana kwa migomba, na kibanda cha makuti huchomwa moto, ili mwaka wa zamani uondoke na magomvi yake. Siku hii huitwa pia Nairuzi, neno la Kiajemi, maana yake siku mpya. Wenyeji wake ni Waislamu, lakini mgeni wa dini yo yote hukaribishwa ale nao.

Jambo jingine ni hesabu ya siku. Krismasi hufuata mwaka wa jua, haiondoki tarehe 25 Desemba. Idi hufuata mwezi uandamao: Idi Ndogo ni siku ya kwanza ya Mfunguo Mosi, na Idi Kubwa ni siku ya kumi ya Mfunguo Tatu. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11, basi Idi hurudi nyuma mwaka hata mwaka, na baada ya miaka ipatayo 33 huwa imezunguka majira yote. Desemba ya mwaka 2000 Idi Ndogo ilikuja siku chache tu baada ya Krismasi, na juma moja likawa na sinia za nyumba zote mbili.

Sasa tufike Mkunazini, mjini Unguja. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mapatano ya kufunga soko la watumwa. Siku ya Krismasi mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa liliwekwa pale pale watu walipokuwa wakiuzwa, na siku ya Krismasi ya mwaka 1877 ibada ya kwanza ikasomwa humo. Mji ule ulikuwa wa Waislamu, na yasimuliwa kwamba Sultani mwenyewe ndiye aliyetoa saa ya mnara. Hakuwa Mkristo kwa kutoa saa, wala Askofu Steere hakuwa Mwislamu kwa kuipokea.

Sasa nitimize ahadi yangu. Nilipotoka chuoni, kijana mwenye maneno mengi kuliko akili, nilikutana siku ya Idi na mzee wa jirani, avaaye kanzu yake mpya. Huyu ndiye aliyekuwa akiitwa nyumbani kwetu kuchinja kuku wa Krismasi, ili jirani wote wapate kula. Nikasema, "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba, mwanangu," akasimama kungojea neno la pili. Sikulitoa. Nikapita, nikijiona mwaminifu sana.

Krismasi ilipofika, alfajiri nilisikia hodi. Ni yeye. "Heri ya Krismasi, mwalimu." Niliona haya, hata nikamwuliza kama haogopi kusema neno hilo. Akacheka, akajibu, "Siku ni yako, heri ni ya Mungu."

Tangu hapo nimeshika kanuni tatu. Mwenye sikukuu asalimiwe kwa jina la sikukuu yake: Mwislamu kwa Idi, Mhindu kwa Diwali, Mkristo kwa Krismasi na Pasaka. Usipoijua dini ya mtu, mwambie "Heri ya sikukuu", naye hataudhika. Na asiyependa kutoa au kupokea salamu kwa ajili ya dhamiri yake, asilazimishwe, wala asichekwe. Ibada ni ya Mungu, nayo hatuichanganyi. Salamu ni ya jirani, nayo tusimnyime.

Bwana wetu alipowatokea wanafunzi wake baada ya kufufuka, neno lake la kwanza kwao lilikuwa la amani. Basi Idi ijayo, jirani yako akisimama njiani na kanzu yake mpya, usimwache akingojea.