Kutoka Karema hadi Meza ya Kano

Ukitoka Namanyere kuelekea magharibi, barabara inateremka ukingo wa Ufipa hadi Kirando, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Ufuate ufuko kwenda kaskazini, utafika Karema, ambayo tangu 2012 imo mkoani Katavi. Hapo alifika Adrien Atiman mwaka 1889: mtoto aliyetekwa Afrika Magharibi, akauzwa utumwani, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika na kusomeshwa udaktari Malta. Alitibu watu wa ziwani hadi alipofariki 1956.

Katika miaka hiyohiyo Atiman akitibu ziwani, madaktari wa Ulaya walikuwa wakihangaika na goti lililochanika ligamenti. Mwaka 1895, mjini Leeds, Arthur Mayo Robson alizishona ligamenti za goti la mchimba makaa. Lakini ligamenti ya katikati ya goti ikichanika, uzi peke yake mara nyingi hauiungi. Fritz Lange wa Munich akajaribu hariri. Mwaka 1917 Ernest Hey Groves wa Bristol alichukua utepe wa utando mgumu wa paja la mgonjwa mwenyewe, akaupitisha katika matundu aliyoyatoboa mifupani. Miaka ya 1980 zikavuma kamba za viwandani. Nyingi zikakatika au kuvimbisha goti, na madaktari wakarudi kwenye mwili wa mgonjwa.

Leo kano ya kushika nafasi ya ligamenti iliyochanika hutolewa mara nyingi nyuma ya paja au mbele ya goti. Kwenye meza ya pembeni hukwanguliwa nyama yote, hukunjwa, na ncha zake hushonwa kwa uzi imara. Hupimwa unene kwa matundu yanayopishana nusu milimita, ili mfupa utobolewe kwa kipimo hichohicho. Kano ya chini ya milimita 8 huwa na hatari zaidi ya kukatika. Huvutwa isije ikalegea baadaye, kisha hufunikwa kwa chachi mbichi isikauke. Tangu utafiti wa Australia wa 2012, wengi huilowesha dawa ya vankomisini kuzuia maambukizi.

Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka Namanyere. Ujuzi huu umefika Tanzania. Umbali haujapungua kwa mchezaji wa Namanyere.

Basi kijana aliyesikia goti likilia “ko” uwanjani, likavimba siku hiyohiyo na kumtoka kila anapogeuka, asikandwe na kurudishwa mchezoni. Apelekwe hospitali mapema. Si kila goti huhitaji upasuaji, ila goti linaloteguka kila mara huharibu gegedu, na gegedu likishakwisha, kano mpya hailirudishi.