Windows imegoma kuwaka? Okoa mafaili yako kwa DVD ya Linux

Laptopi inawaka, inafika kwenye nembo ya Windows, inaganda. Ukiipeleka kwa fundi, jibu la haraka huwa "tupige Windows upya", na hapo picha na ripoti yako ya chuo zinaweza kupotea. Kabla hujakubali, jaribu DVD ya Linux. Mfumo mzima unawaka kutoka kwenye DVD, bila kufuta chochote kwenye diski ya kompyuta.

Fanya hivi:

1. Kwenye kompyuta nzima, pakua Linux Mint kutoka linuxmint.com. Faili lake linaishia na .iso na lina karibu GB 3, hivyo tafuta Wi-Fi. CD ya MB 700 haitoshi, tumia DVD tupu ya GB 4.7.

2. Bofya faili hilo kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Burn disc image". Kwenye Windows 11, anza na "Show more options". Hapa ndipo wengi wanapokwama: ukinakili faili kama unavyonakili muziki, DVD haitawaka. Ukiifungua DVD iliyochomwa vizuri unaona mafolda kadhaa, sio faili moja la .iso.

3. Weka DVD kwenye laptopi yenye shida, izime, kisha iwashe huku ukibonyezabonyeza F12 (Dell na Lenovo nyingi) au F9 (HP nyingi). Chagua DVD.

4. Chagua "Start Linux Mint". Kuwa mvumilivu, DVD huenda taratibu.

5. Fungua diski ya ndani, ingia "Users", kisha folda lenye jina lako. Nakili unachotaka kwenye flashi.

Angalizo: usiguse "Install Linux Mint", maana ukiendelea nayo inaweza kufuta kila kitu. Ukiombwa namba ya BitLocker, mara nyingi huwa imehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Na kama diski yenyewe imekufa, njia hii haitasaidia.

Laptopi haina sehemu ya DVD? Tumia programu ya Rufus kuweka Linux kwenye flashi ya GB 8. Flashi hiyo itafutwa yote, kwa hiyo uwe na nyingine ya kubebea mafaili.

Ukimaliza, hakikisha mafaili yanafunguka kwenye kompyuta nyingine. Hapo sasa fundi apige Windows.