Rem

Rem (pia: REM) ni neno fupi lenye maana mbili zisizohusiana. Katika fizikia na tiba, rem ni kizio cha kupimia dozi ya mionzi inayopokelewa na mwili wa binadamu. Katika elimu ya usingizi, REM ni hatua ya usingizi ambamo macho hucheza haraka chini ya kope na ndoto nyingi hutokea. Yote mawili ni vifupisho vya maneno ya Kiingereza.

Kizio cha mionzi

Jina la kizio linatokana na maneno yanayomaanisha "kiasi kilicho sawa na röntgen kwa mtu". Röntgen ni kizio cha zamani kilichopewa jina la Wilhelm Röntgen, Mjerumani aliyegundua eksirei mwaka 1895.

Aina zote za mionzi hazidhuru mwili kwa kiasi kimoja. Ili kupata rem, dozi iliyofyonzwa na mwili, ikipimwa kwa kizio cha rad, huzidishwa kwa namba ya aina ya mionzi: 1 kwa eksirei, gamma na beta, lakini 20 kwa chembe za alfa.

Katika vipimo sanifu vya kimataifa nafasi ya rem imechukuliwa na sievert, iliyopewa jina la Msweden Rolf Sievert. Sievert 1 ni sawa na rem 100. Rem bado inatumika Marekani na katika vitabu vya zamani. Sehemu ya elfu moja ya rem huitwa milirem.

Baadhi ya viwango:
* eksirei moja ya kifua: takriban milirem 10 au chini yake
* mionzi ya asili kutoka ardhini, hewani na angani, wastani wa dunia: takriban milirem 240 kwa mwaka
* kikomo cha kimataifa kwa wanaofanya kazi na mionzi: wastani wa rem 2 kwa mwaka katika muda wa miaka 5
* dozi ya ghafla ya mwili mzima: kuanzia rem 100 hivi mtu huweza kupata kichefuchefu na kutapika, kwenye rem 400 hadi 500 takriban nusu ya watu hufa wasipotibiwa

Nchini Tanzania matumizi salama ya mionzi husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania (TAEC), chini ya sheria ya mwaka 2003.

Hatua ya usingizi

Hapa herufi REM zinasimamia "mwendo wa haraka wa macho". Hatua hii ilielezwa mwaka 1953 na Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago.

Mtu mzima huingia REM kwa mara ya kwanza takriban dakika 90 baada ya kulala, kisha hurudia mara kadhaa hadi asubuhi. Vipindi hurefuka kadiri usiku unavyoendelea. Kwa jumla huchukua karibu robo ya usingizi wake. Kwa mtoto mchanga ni karibu nusu. Ubongo huonyesha mawimbi ya umeme yanayofanana na ya mtu aliye macho, lakini misuli mingi ya mwili hulegea kabisa, isipokuwa ile ya macho na ya kupumua. Kulegea huku humzuia mtu asitende yale anayoyaota.

Katika ugonjwa wa malale, unaoenezwa na mbung'o, mpangilio huu huvurugika, na mgonjwa anaweza kuingia REM mara tu anapolala.

REM na jinamizi

Mara nyingine mtu huzinduka wakati misuli bado imelegea. Anaona na kusikia, lakini hawezi kusogea wala kupiga kelele. Huhisi kifua kimekandamizwa na huweza kuona kiumbe chumbani. Hali hii hupita baada ya sekunde au dakika chache na kwa kawaida haina madhara. Hutokea zaidi kwa mtu aliyekosa usingizi au anayelala chali. Waswahili wengi huielezea kuwa ni kukabwa na jinamizi.

Waandishi kadhaa wamehusisha hali hiyo na habari za Popobawa, kiumbe kilichodaiwa kuvamia watu usiku vitandani. Mwaka 1995 hofu yake ilianzia Pemba, ikafika Unguja na kisha Dar es Salaam. Watu wengi walikesha nje kwa makundi, na mjini Zanzibar mtu mwenye ugonjwa wa akili aliuawa na umati uliomdhania kuwa Popobawa. Hofu ilirudi Dar es Salaam mwaka 2007. Usingizi wa REM unaweza kueleza alichohisi mtu mmoja kitandani. Hauelezi peke yake jinsi hofu ilivyoenea, na watafiti wameangalia pia mazingira ya kijamii na ya kisiasa, kwa kuwa 1995 ulikuwa mwaka wa uchaguzi mkuu wa kwanza tangu vyama vingi kurudi.

Maandishi

Kizio huandikwa kwa herufi ndogo (rem 5), hatua ya usingizi kwa herufi kubwa (usingizi wa REM).

Tazama pia
* Mionzi
* Ndoto
* Malale
* Popobawa