Wachuuzi Wengi, Kisima Kimoja: Historia ya Mawasiliano Mtwara na Pwani ya Ruvuma

Mwaka 1879 kampuni ya Kiingereza iliyoitwa Eastern and South African Telegraph ilitandaza chini ya bahari waya wa telegrafu, yaani njia ya kupeleka maneno kwa ishara za umeme, kutoka Aden hadi Durban kwa kupitia Zanzibar, Kisiwa cha Msumbiji na Lourenço Marques, mji ambao leo unaitwa Maputo. Waya huo ulipita mbele ya Mikindani, Msimbati na mlango wa Mto Ruvuma bila kutua, wala si ajabu, kwa kuwa serikali ya Uingereza na makoloni yake yaliyoipa kampuni hiyo ruzuku yalikuwa na hamu ya kupata haraka habari za vita vya Wazulu, si ya kujua mpira unauzwaje Mikindani. Miaka 130 baadaye, Julai 2009, mkongo wa SEACOM, ambao ni waya wa nyuzi za kioo unaobeba intaneti kwa mwanga, ulianza kazi katika bahari hiyohiyo, ukafuatwa na EASSy mwaka 2010 na 2Africa, uliofikishwa Dar es Salaam mwaka 2023. Mikongo yote mitatu imepangiwa kutua Dar es Salaam na Msumbiji, na pwani iliyo katikati haikupangiwa kituo.

Neno ukiritimba hutumika kwa hali ya muuzaji mmoja kushika soko zima, na mijadala mingi ya Tanzania juu ya ukiritimba wa mawasiliano huishia kwenye kuhesabu kampuni za simu, ambazo kwa hesabu hiyo ni nyingi za kutosha. Hesabu hiyo haitoshi kwa Mtwara. Soko la intaneti lina ngazi mbili: ngazi ya rejareja, ambako mteja hununua kifurushi kwa wakala, na ngazi ya jumla, ambako kampuni yenyewe hununua nafasi katika waya mkubwa unaouunganisha mkoa na dunia. Katika ngazi ya kwanza ushindani umekuwapo Mtwara kwa zaidi ya miaka 20, lakini katika ngazi ya pili wachuuzi wengi wamekuwa wakichota katika kisima kimoja, na mwenye kisima hicho, kwa sehemu kubwa ya historia hii, amekuwa serikali.

Serikali ilirithi nafasi hiyo. Simu za nchi tatu za Kenya, Uganda na Tanzania ziliendeshwa na Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, na Tanzania ikaunda Shirika lake la Posta na Simu, lililokuwa mwenye nyaya, mwuza huduma na msimamizi wa sekta kwa wakati mmoja. Wachumi wa zama hizo waliitetea hali hiyo kwa hoja ya ukiritimba wa asili, maana yake kwamba kuna huduma ambazo gharama ya kuzijengea njia ni kubwa kiasi kwamba kujenga njia mbili sambamba ni kupoteza fedha. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi, hasa kwa mkoa ulio zaidi ya kilomita 550 kusini mwa Dar es Salaam, ambao hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 ulifikiwa kwa kuvuka Mto Rufiji kwa kivuko. Udhaifu wake ulikuwa kwamba haikusema lolote juu ya nani atamwajibisha mwenye njia iwapo hatajenga.

Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1993 ililigawa shirika hilo, na kuanzia Januari 1994 posta ikaenda upande wake, simu zikawa za Kampuni ya Simu Tanzania, TTCL, na usimamizi ukapewa Tume ya Mawasiliano. Katika miaka hiyohiyo leseni ya kwanza ya simu za mkononi ilikwenda kwa Mobitel, ambayo baadaye ilijulikana kama Tigo na tangu Novemba 2024 inaitwa Yas. Vodacom na Celtel zilifuata mwanzoni mwa miaka ya 2000. Intaneti yenyewe iliingia nchini katika muongo wa 1990 kwa njia ya satelaiti, na kabla ya mikongo ya baharini kufika, kasi ya megabiti moja tu kwa sekunde iliweza kuigharimu kampuni maelfu ya dola kwa mwezi, bei ambayo ofisi za Dar es Salaam ziliimudu kwa shida, na ambayo katika miji ya kusini ilimaanisha kwamba huduma hiyo ilibaki kwa taasisi chache.

Uamuzi wenye funzo kubwa kuliko yote ya kipindi hicho ulifanywa Februari 2001, serikali ilipouza asilimia 35 ya hisa za TTCL kwa ubia wa kampuni ya MSI ya Uholanzi na Detecon ya Ujerumani, na pamoja na hisa hizo ikatoa haki ya pekee ya simu za mezani na mawasiliano ya kimataifa Tanzania Bara kwa miaka minne. Matarajio yalikuwa kwamba mwekezaji asiyesumbuliwa na washindani angepata utulivu wa kutandaza nyaya hadi wilayani. Takwimu za sekta zinaonyesha kinyume chake, kwa kuwa laini za mezani zilipungua kutoka karibu 178,000 mwaka 2001 hadi karibu 148,000 mwaka 2004, wakati laini za simu za mkononi, zilizokuwa zikigombewa na kampuni kadhaa, zilikaribia milioni 2 katika mwaka huohuo wa 2004. Ukiritimba uliotolewa kama chambo cha uwekezaji haukuwafikisha mafundi wa nyaya Newala wala Tandahimba. Waliofika ni wajenzi wa minara.

Haki hiyo ilipokwisha Februari 2005, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliyoanza kazi Novemba 2003 kwa kuunganisha Tume ya Mawasiliano na Tume ya Utangazaji, ilileta mfumo mpya wa leseni uliotenganisha miundombinu ya mtandao, huduma za mtandao, huduma za matumizi na maudhui. Mfumo huo ulisifiwa nje ya nchi, na ulistahili sifa, kwa sababu ulimruhusu mtu kuuza huduma bila kulazimika kumiliki waya. Hata hivyo kuruhusiwa kujenga ni jambo moja na kuona faida ya kujenga ni jambo jingine, na hakuna kampuni iliyokimbilia kuchimba mtaro kutoka Rufiji hadi Mtwara.

Pengo hilo lilijazwa na serikali yenyewe. Mwaka 2009 ilianza ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China na kwa mkandarasi wa Kichina, na awamu za mwanzo zilipokamilika mtandao huo ulikuwa na urefu wa takriban kilomita 7,560, ukiwa umeifikia mikoa ya Bara, Mtwara ikiwamo, na kuziunganisha Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Zambia na Malawi. Kwa Wanamtwara tukio hilo lilikaribiana kwa miaka na lile la bomba la gesi, ambalo ujenzi wake kutoka Madimba, mkoani Mtwara, hadi Dar es Salaam ulipingwa kwa maandamano na ghasia mwaka 2013 na ukakamilika mwaka 2015. Gesi ikapanda kaskazini kwa bomba na intaneti ikashuka kusini kwa mkongo, na katika biashara zote mbili bei ilipangwa mbali na Mtwara.

Kasoro ya mpango wa mkongo haikuwa katika ujenzi wake, uliofanya kazi ambayo hakuna mfanyabiashara angeifanya. Kasoro ilikuwa katika uendeshaji, kwa kuwa serikali iliikabidhi mkongo TTCL, ambayo yenyewe huuza intaneti kwa wateja wa mwisho, hivyo kampuni zinazoshindana nayo mtaani zikawa wateja wake kwenye waya. Mwenye barabara akawa pia mwenye basi, akiwatoza ushuru wa barabara wenye mabasi wengine. Hali hiyo ilikazwa zaidi mwaka 2016, serikali ilipoinunua tena ile hisa ya asilimia 35 iliyouzwa mwaka 2001, ambayo sasa ilikuwa mikononi mwa Bharti Airtel, kwa shilingi bilioni 14.9, na hatimaye mwaka 2018 TTCL ikawa shirika la umma kwa sheria iliyopitishwa mwaka uliotangulia. Kisha Januari 2019 yakafikiwa makubaliano ya kuipandisha hisa ya serikali katika Airtel Tanzania kutoka asilimia 40 hadi 49. Tangu hapo serikali imekuwa mwenye waya, mwuza huduma, mbia wa mshindani na, kupitia TCRA, mwamuzi wa wote, jambo ambalo sheria ya mwaka 1993 ilikusudia kuliondoa.

Haitakuwa haki, hata hivyo, kusema kwamba mwamuzi huyo hakufanya kazi yake katika ngazi ya rejareja. Ada ya maunganisho, yaani kiasi ambacho kampuni moja huilipa nyingine kwa kupokea simu ya mteja wake, ilikuwa ngome ya kampuni kubwa, kwa sababu ilifanya kupiga simu nje ya mtandao kuwa ghali na kumlazimisha mwananchi kubeba laini tatu au nne mfukoni. TCRA iliishusha kutoka shilingi 112 kwa dakika hadi 34.92 mwezi Machi 2013, ikaendelea kuipunguza hadi 15.60 mwaka 2018 na shilingi 2 mwaka 2022, na mwaka 2017 ikaruhusu mteja kuhama mtandao bila kubadili namba. Halotel ya Viettel kutoka Vietnam ilipoanza huduma mwaka 2015, tena kwa nyaya ilizojijengea yenyewe na kwa makubaliano na serikali ya kufikia vijiji vilivyoachwa nyuma, ilionekana wazi kwamba mshindani mwenye waya wake husumbua soko kuliko washindani wawili wa kupanga.

Katika bei za data serikali ilionyesha sura nyingine. Tarehe 2 Aprili 2021 vifurushi vilibadilishwa bei nchi nzima chini ya kanuni mpya, wananchi wakapiga kelele, na wizara ikaagiza bei za awali zirudi. TCRA iliweka pia mipaka ya bei ya megabaiti moja, ambayo ni kipimo cha wingi wa data, kuanzia shilingi 2.03 hadi 9.35. Ukomo wa juu humlinda mnunuzi, na kila mtu huuelewa. Ukomo wa chini humzuia muuzaji mwenye uwezo asiuze rahisi zaidi, na hoja yake ni kwamba mkubwa asije akawaua wadogo kwa bei ya hasara kisha akabaki peke yake. Mkulima wa korosho wa Masasi, aliyepitia mnada wa vyama vya ushirika na kushuhudia Novemba 2018 serikali ikinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likizisomba, hahitaji kufundishwa kwamba bei inayopangwa kwa nia njema huwa na mtu anayeilipia.

Mkulima huyohuyo ana sababu mpya ya kujali. Tangu msimu wa mwaka 2024 minada ya korosho imepelekwa katika mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, ambao wanunuzi huweka bei zao kwa mtandao, na kwa hiyo ubora wa waya uliofika Mtwara umeingia ndani ya bei ya gunia.

Mahali ambapo biashara haioni faida kabisa panashughulikiwa na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006, ambao huzichangisha kampuni na kutoa ruzuku ya minara kwa kampuni zinazoshinda zabuni. Mikataba iliyosainiwa Mei 2023 ilihusu minara 758 katika kata 713 za mikoa 26, kwa thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 265, karibu nusu yake ikiwa ruzuku. Utaratibu huu ni mzuri kuliko kutoa haki ya pekee ya nchi nzima, kwa kuwa kampuni hushindana kuomba ruzuku ndogo, lakini kijijini penyewe matokeo yake mara nyingi ni mnara mmoja wa kampuni moja, na takwimu za taifa za laini za intaneti zaidi ya milioni 40 mwaka 2024 hazimwambii msomaji ni watumiaji wangapi wanaweza kuchagua. Takwimu hizo, isisahaulike, huhesabu laini, si watu.

Kilambo, mahali pa kuvukia Mto Ruvuma kwenda Msumbiji, panaonyesha kwamba leseni ina nguvu kuliko mto. Upande wa pili wa Ruvuma huduma ya Starlink, inayoleta intaneti moja kwa moja kutoka kwenye satelaiti zinazozunguka karibu na dunia, iliruhusiwa mwaka 2022 na kuanza mwaka 2023. Upande wa Tanzania, mwaka huo, ilikuwa haijapewa leseni. Ruvuma hauzuii mawimbi ya satelaiti, na tofauti ya kingo hizo mbili iliandikwa ofisini. Zipo sababu za kumtaka mgeni afuate masharti ya nchi, kodi na ulinzi zikiwa miongoni mwake, hasa katika mpaka ambao mwaka 2020 kijiji cha Kitaya kilivamiwa na wapiganaji kutoka Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, lakini sababu hizo hazigusi swali la nani hufaidika kila mwaka mshindani anapocheleweshwa.

Mei 2024 majaribu mawili yalifuatana. Kimbunga Hidaya kilipofika pwani tarehe 4, mvua zake zilikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi eneo la Somanga, na tarehe 12 SEACOM na EASSy zikakatika pamoja katika bahari ya kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, intaneti ikazorota Tanzania nzima. Barabara ilirekebishwa na mikongo ikaungwa. Bandari ya Mtwara, ambayo ina kina cha asili cha kupokea meli kubwa na ambayo serikali iliiongezea gati jipya kwa mabilioni ya shilingi, haikuwa na kituo cha kutua mkongo wakati huo, na mikongo yote ya kimataifa iliyotua Tanzania Bara ilikuwa imetua Dar es Salaam.